Naomba ushauri: majukwaa yetu ya maonyesho yamezeeka, nianzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Nasimamia maonyesho katika bustani ya burudani ya familia, pwani ya Dar es Salaam. Tuna majukwaa mawili ya zamani: moja la wazi kwa ngoma na taarab, jingine la sarakasi, limeezekwa makuti. Mwenye mali ametoa fedha, ila hazitoshi yote kwa pamoja, na masika ya Machi hayasubiri.

Kinachoninyima usingizi ni la sarakasi. Chumvi ya bahari imekula boriti ambazo vijana wananing'inia. Mtu wa kilo 70 akidondoka na kudakwa na kamba, boriti hubeba mara kadhaa ya uzito wake, kwa hiyo kupaka rangi juu ya kutu si matengenezo. Fundi anataka kuchomelea viraka. Mimi naona tung'oe, tuweke chuma kilichochovywa kwenye zinki na bolti za chuma cha pua daraja la 316, aina inayostahimili zaidi chumvi ya bahari. Aliyejenga hivi karibu na bahari, vilidumu?

Makuti nayapenda, yanapoza kweli, lakini juu ya taa za wati 1,000 yananitisha. Taa za LED zitapunguza joto. Nyaya bado ni zilezile kuukuu. Na dawa ya kuzuia moto kwenye makuti, inastahimili mvua?

Halafu wasanii. Wanalipwa kwa onyesho; tukifunga, familia zao zinalala njaa. Mliowahi kukarabati huku maonyesho yakiendelea, mlipangaje?