Sungura wawili, wiki tatu, na sisi hatupo

Kutoka: Mikocheni

Habari zenu ndugu. Kuanzia katikati ya Desemba tunatoka hapa Dar es Salaam kwenda nyumbani Mombasa kwa wiki tatu. Tuna sungura wawili wa ndani, jike na dume aliyehasiwa, kila mmoja kama kilo 2. Huku ugenini hatuna shangazi wala binamu wa kumwachia, na dada wa kazi naye anakwenda kwao Tanga siku hizohizo. Mlinzi wa jengo amejitolea kuwawekea chakula na maji mara moja kwa siku. Inatosha? Au tuwapakie tu kwenye gari twende nao?

Kutoka: Tegeta

Dada wa Mikocheni, habari za huko. Mara moja kwa siku haitoshi, hata bakuli lijazwe namna gani. Utumbo wa sungura unataka kitu kinachopita muda wote. Akikaa saa 12 hivi bila kula, utumbo unalegea, gesi inajaa, maumivu yanamfanya akatae chakula kabisa, na siku ya pili anaweza kufa. Tena ni mnyama anayeficha ugonjwa mpaka mwisho. Mlinzi akija saa 1 asubuhi na sungura akaacha kula saa 2, atagundulika kesho yake, na hapo umeshachelewa. Unayemhitaji ni mtu wa kuwaangalia asubuhi na jioni. Kujaza bakuli ndiyo kazi ndogo.

Mlinzi anaweza kuwa mtu huyo. Mwite siku tatu kabla ya safari, afanye kila kitu kwa mikono yake wewe ukiwa umekaa pembeni, umsahihishe papo hapo. Karatasi ya maelekezo pekee haifundishi.

Anza kumfundisha kinyesi kabla ya chakula. Sungura mzima hutoa vidonge 200 hadi 300 kwa siku, vya duara, vikubwa kama punje ya mbaazi, vikavu, vya rangi ya kahawia. Aminye kimoja kwa vidole: kitavunjika na ndani ataona nyuzi za majani kama vumbi la mbao. Vikianza kuwa vidogo, vyeusi, vya maumbo tofauti, au vimeungana kwa manyoya kama shanga, utumbo unasinzia. Sinia la choo likiwa tupu asubuhi, ni dharura, hata kama sungura mwenyewe anaruka. Akikuta kishada cha vidonge laini vinavyong'aa kama zabibu ndogo, asishtuke. Hicho ni kinyesi cha pili, ambacho sungura hukila mwenyewe na kinamfaa. Kikibaki sakafuni kila siku, basi peleti, yaani chakula kikavu cha dukani, zimezidi.

Chakula pima kabla ya kuondoka. Peleti ni gramu 25 kwa kila kilo ya sungura kwa siku, yaani gramu 100 kwa wote wawili. Tengeneza vifuko 21, kila kimoja gramu 100, uvifunge visipitishe hewa, maana unyevu wa Dar unaotesha ukungu kwenye peleti upesi. Vifuko vinasaidia pia kwa sababu mtu mwenye huruma huongeza, na peleti zikizidi sungura anaacha majani. Majani makavu ndiyo chakula chenyewe: weka kilo 6 kwa wiki hizo tatu, yaning'inizwe kwenye gunia la katani mahali penye hewa, na wapewe bila kipimo. Mboga mbichi ni konzi moja kwa kila mmoja. Matembele, mchunga na ukoka vinafaa. Mchicha uwe kidogo, si wa kila siku, na sukuma wiki vivyo hivyo. Zioshwe na kutandazwa, kwa sababu majani mabichi yaliyorundikwa yanapata moto na kuleta gesi.

Marufuku ziandike kwa herufi kubwa na uzibandike ukutani: parachichi na majani yake, kisamvu kibichi, vitunguu vya aina zote, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, ugali, mkate, na chakula cha kuku. Hicho cha kuku mtu hukinunua kwa nia njema peleti zikiisha, lakini vingine vimechanganywa dawa za kuzuia kuhara kwa vifaranga ambazo ni sumu kwa sungura.

Sasa joto, na hapa naomba msikilize kwa makini. Desemba kaskazi imeanza, nyuzi 31 hadi 33 na unyevu juu yake. Sungura huanza kutaabika kwenye nyuzi 28 hivi. Hatoi jasho, joto lake hutoka mwilini kupitia masikio, na nyumba iliyofungwa madirisha kwa kuogopa wezi inageuka tanuri saa 8 mchana. Wahamishie chumba cha chini kabisa, upande usiopigwa na jua la alasiri, sakafu ya vigae, dirisha wazi lenye wavu. Gandisha chupa nne za lita 1.5: mbili zinalazwa kwao zimefungwa taulo, mbili zinabaki kwenye friza, zibadilishwe saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Siku za joto kali, kwa hiyo, mara mbili hazitoshi, mtu aingie mchana pia. Feni isaidie tu, isitegemewe, maana umeme ukikatika haiko. Na LUKU, umeme wa kulipia kabla, ijaze ya mwezi mzima kabla ya kutoka. Tokeni unaweza kuinunua ukiwa Mombasa, lakini lazima kuwe na mtu wa kuiingiza kwenye mita.

Akimkuta sungura anahema mdomo wazi, mate yanatoka, masikio ya moto: alowanishe masikio kwa maji ya bomba ya kawaida, si ya barafu, ampeleke kivulini, na apige simu kwa daktari.

Maji: bakuli zito la udongo pamoja na chupa ya kuning'iniza, vyote viwili. Kigololo cha kwenye mdomo wa chupa hukwama bila mtu kujua, kwa hiyo kila asubuhi akiguse kwa kidole aone tone. Sungura wa kilo 2 hunywa kati ya mililita 200 na 300 kwa siku, na kwenye joto zaidi.

Kutoka: Kigamboni

Naongezea wadudu, kwa wenye banda la nje. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye maji na tone la sabuni, vinginevyo siafu wanapanda usiku, na sungura aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Makopo yajazwe kila siku kwa sababu maji yanakauka.

Na nzi. Hili ni la wote, hata wa ndani. Kila jioni ainuliwe mkia aangaliwe. Sungura mwenye kinyesi au mkojo ulioganda manyoyani anavutia nzi, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja, na funza wanaanza kula nyama. Akiwaona, hospitali muda huohuo. Kumwosha na kusubiri kesho ni kumpoteza.

Kutoka: Upanga

Ndugu, la daktari lisibaki la kutafutwa siku ya ugonjwa. Kliniki nyingi za wanyama hapa mjini zimezoea mbwa na paka. Piga simu kabla ya safari, uliza maswali mawili: mnatibu sungura? Na sungura akiwa na maambukizi mnampa dawa gani? Anayejibu enrofloksasini anajua anachozungumza. Anayejibu amoksilini ya kumeza, mshukuru utafute mwingine.

Hili la amoksilini mwambie pia mlinzi, kwa sababu ndiyo dawa rahisi kuliko zote kwenye duka la dawa. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kumeza zinaua bakteria wema wa utumbo wa sungura, wabaya wanashika nafasi na kumwaga sumu, anaharisha na kufa. Vilevile dawa ya kupe ya mbwa yenye fipronili isimguse.

Acha barua fupi yenye jina la kila sungura, uzito wake, ruhusa ya kutibiwa, na kiasi ambacho uko tayari kulipa bila kupigiwa simu. Hela ya dharura iwe kwenye bahasha yake, tofauti na malipo ya mlinzi.

Kuhusu kuwabeba: kuvuka mpaka wa Kenya pale Horohoro na mnyama hai kunataka cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali na kibali cha kuingiza mnyama upande wa pili, na kurudi vivyo hivyo. Ukishayapata yote hayo bado ni siku nzima ndani ya gari la moto. Waacheni Dar.

Kutoka: Mikocheni

Asanteni sana, nimeandika yote. Jirani yetu wa zamani, sasa yuko Msasani, ana sungura jike mmoja na anasema tumpelekee wetu. Anawajua vizuri kuliko mlinzi. Ni bora?

Kutoka: Tegeta

Ni bora, dada, kwa sharti la vyumba viwili. Sungura wageni wakikutanishwa wanapigana kwa meno na kucha za nyuma, na hata kuonana kupitia wavu kunaweza kuwavuruga wawili wako waanze kugombana wenyewe kwa wenyewe. Wako wasitenganishwe hata siku moja. Na dume kama amehasiwa chini ya wiki sita zilizopita, bado anaweza kuzalisha. Mimba ni siku 30 hadi 32, hesabu mwenyewe.

Wapeleke na sinia lao la choo lenye maranda ya jana, lisioshwe, wakute harufu yao. Safari iwe saa 12 asubuhi, kwa bajaji au gari, kwenye kasha lenye matundu na taulo chini lisiteleze. Bodaboda hapana. Kumbeba, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine unashika makalio. Akining'inia akapiga teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Masikio si mpini.

Wapime leo kwa beseni juu ya mizani ya jikoni, uandike. Jirani awapime kila Jumapili. Anayepungua gramu 200 aende kwa daktari hata kama anakula.

Na ripoti ya simu isiwe "wako salama". Omba picha mbili, asubuhi na jioni: sinia kabla halijasafishwa, na gunia la majani kabla halijajazwa.