Mjadala: Je, ghorofa ni mahali pa kumweka mzee?

Wadau, kila zikitajwa nyumba za ghorofa kwa wazee, wengi hujibu kwamba mzee hapandishwi juu, atafia ndani majirani wasijue. Hofu hiyo ina msingi. Majumba ya Michenzani kule Unguja, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamewafundisha watu adha ya kupanda ngazi na ndoo ya maji. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi hayo.

Hata hivyo nashikilia kwamba wazee wanaweza kuishi ghorofani na wakafurahi, mradi mchoraji aanze na baraza kabla ya kuhesabu vyumba.

Tazameni Kampung Admiralty, Singapore, iliyofunguliwa rasmi 2018: nyumba 104 za wazee, ghorofa 11. Chini kabisa ni uwanja wenye kivuli, wazi kwa kila mtu. Juu yake wanauza vyakula, kisha kuna kliniki, halafu chekechea na kituo cha wazee vikiwa jirani. Mzee akitoka kula au kupima presha, lazima akutane na watu. Ninachokipenda zaidi ni kitu kidogo tu: mabenchi kwenye viingilio wanavyotumia majirani kwa pamoja. Mzee akikaa hapo, kila apitaye atamsalimu, na asipoonekana siku mbili ataulizwa. Kwetu huku ghorofa nyingi zina korido nyembamba yenye giza, milango ina mageti ya chuma, na pa kukaa hapana.

Nisilokubaliana nalo ni kuwatengea wazee jengo zima. Mimi ningewapa ghorofa za chini, familia zenye watoto zikae juu, wote wapite uwanja mmoja.

Anayenipinga anibane kwenye lifti, maana hapo ana hoja nzito. Umeme ukikatika, mzee ambaye tayari anaishi ghorofa ya nane ni mfungwa. Ndiyo maana nasema jenereta ihudumie lifti na pampu ya maji kwanza, na kila mkazi achangie, hata wa chini asiyeipanda. Najua wengi mtakataa kulipia lifti msiyoitumia. Basi semeni, wazee wa jengo lenu wakiachiwa gharama hiyo peke yao, watailipa kwa pensheni ipi?