Kuulizana maswali ya soka: WhatsApp, kijiweni au ujumbe wa sauti?

Nyundo wa Soweto: Wadau wa Nyanda za Juu, ugonile! Hapa Mbeya tuko mashabiki kumi na kitu, na kabla ya mechi za Sokoine huwa tunaulizana maswali ya mpira. Aliyekosa analipa chai. Sasa tumegawanyika. Wengine wanataka yahamie kundi la WhatsApp, wengine tubaki kijiweni Mwanjelwa, na kijana mmoja kaleta habari ya ujumbe wa sauti. Huko kwenu mnafanyaje?

Kamwene Kihesa: Kamwene. Sisi Iringa tulianza na maandishi, hatukufika mbali. Niliuliza Lipuli walifungwa na nani fainali ya Kombe la Shirikisho 2019, na uwanja gani. Kufumba na kufumbua majibu sita, yote yamefanana hadi nukta: Azam, 1-0, Ilulu, Lindi. Kapata hata jamaa ambaye kuotea kwenyewe hakujui! Hapo mnashindanisha bando tu.

Mama Kiwira: Na sisi wenye maduka kijiweni tunafika saa ngapi? Kwenye simu najibu huku napima mchele. Kundi msilifute.

Mjelajela: Dada samahani, lakini kijiwe hakina mpinzani. Juzi mzee mmoja katupa swali: "Bingwa wa Tanzania 1986 nani?" Jamaa wa Songea akaruka: Majimaji! Mzee wa Rungwe akasimama kabisa, kofia mkononi: Tukuyu Stars! Kahawa ikapoa. Watu wakaanza kutajiana majina ya utani, Wanalizombe wa Majimaji na Banyambala wa Tukuyu, na waliokuwa wanapita njia wakaingia ugomvini. Kwenye simu swali hilo lingekufa dakika ileile.

Nyundo wa Soweto: Chai alilipa nani?

Mjelajela: Hakuna. Aliyeumia ni muuza kahawa.

Banyambala86: Wote wawili walipata. Tukuyu Stars walichukua Ligi ya Bara 1986, tena ndiyo kwanza wamepanda daraja. Majimaji wakachukua Ligi ya Muungano mwaka huohuo, ile iliyokutanisha timu za Bara na za Zanzibar. Mwenye kosa ni muulizaji. Ndiyo maana mimi nasema maswali yaandikwe hata kama yataulizwa kijiweni. Daftari moja, ligi itajwe, mwaka utajwe, jibu likae nyuma ya ukurasa. Prisons nao wana Muungano wao wa 1999, ukiuliza hovyo mtagombana tena.

Kamwene Kihesa: Daftari nakubali. Ila kura yangu ni sauti, kwa sababu anayepekua mtandaoni unamsikia kabisa. Niliuliza Ihefu waliikatia uwanja gani Yanga ule mwendo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa, 2022. Shemeji yangu akarekodi: "Eeee... ngoja kwanza..." Kimya. Jogoo anawika nyuma. Halafu ghafla, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari: "Highland Estate, Ubaruku, wilayani Mbarali." Wilayani! Tukamfuta pointi.

Mama Kiwira: Hahaha, wilayani. Ila huku mvua ikishika mtandao unakwenda nayo. Swali la asubuhi nitalipata jioni, mtaniita mwizi.

Mjelajela: Hatuhesabu saa ya kufika, dada. Tunasikiliza ukimya wako.

Nyundo wa Soweto: Basi tujaribu hivi: Jumamosi kijiweni na daftari, Banyambala86 ndiye mtunzaji, katikati ya wiki sauti ili Mama Kiwira asiachwe. Naanza mwenyewe. Msimu wa kwanza wa Mbeya City Ligi Kuu, 2013/14, walimaliza nafasi ya ngapi?

Banyambala86: Ligi umetaja, mwaka umetaja. Safi.

Kamwene Kihesa: Ya tatu. Hilo la watoto, leta jingine.