Keki ya presha kuka: chini mkaa, katikati uji. Nakosea wapi?

KijikoKimoja

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijaitupa hii sufuria dirishani. Oveni sina na sina mpango wa kununua sa hivi, nikasikia watu wanaoka keki kwenye presha kuka ya kawaida hii ya jikoni na inatoka safi, nikasema ngoja nami nijaribu. Nikakoroga unga wangu vizuri kabisa, siagi na sukari mpaka vikawa vyeupe, mayai matatu moja moja, vanila, beking pauda, kila kitu. Nikamimina kwenye bati, bati nikaliweka ndani ya presha kuka, nikafunga mfuniko mpaka ukasema kt, nikaweka na kile kidude cha filimbi juu, moto nikauwasha wa kati nikaenda kuoga.

Dakika kama ishirini hivi nasikia harufu, na si ya keki, ni harufu ya raba. Nikazima mbio mbio, nikasubiri ipoe, kufungua nakuta keki chini nyeusi tii hata kisu hakipiti, pembeni ngumu, katikati ukigusa kidole kinazama kwenye uji mbichi. Na ile raba ya mfuniko imeanza kulegea upande mmoja.

Maji sikuweka maana nilisikia keki haitaki maji, sasa rafiki yangu ananiambia bila maji ningelipua nyumba. Jamani ukweli ni upi, inawekwa maji au haiwekwi? Na hiyo filimbi inakaa au inatoka? Nimepoteza mayai matatu na siagi nzuri, roho inaniuma.

mama_wa_mapishi

Pole mpendwa, umechanganya njia mbili tofauti ndo maana umepata kero za zote mbili na faida ya hata moja hukuipata.

Sikia. Ukioka keki kavu kwenye presha kuka, presha yenyewe huitaki kabisa. Unachotafuta pale ni lile sufuria zito lenye mfuniko, unaligeuza oveni ndogo, basi. Kwa hiyo vitu viwili vinatoka kabla hujawasha moto: raba ya mfuniko inatoka, na kidude cha filimbi kinatoka. Raba imetengenezwa kuishi na mvuke, haijatengenezwa kuishi na joto kavu, ndo hiyo harufu uliyoisikia. Na kidude kikitoka lile tundu linabaki wazi, unyevu wa keki unapumulia hapo. Maji huweki hata tone.

Ila sufuria tupu nayo huweki bati moja kwa moja juu ya kitako, hapo ndo keki yako ilipofia. Mwaga chumvi chini, vikombe viwili hivi, ikae tabaka la sentimita moja au moja na nusu. Mi natumia chumvi ya mawe. Kazi ya chumvi ni kuupokea moto wa chini na kuusambaza taratibu, usije ukakita sehemu moja, na usiogope eti itayeyuka, chumvi haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 800, jiko lako halifiki huko. Ukisikia inalia tik tik tik mle ndani usishtuke, ni punje zinapasuka kwa sababu ya maji yaliyojificha ndani yake. Juu ya chumvi weka kistendi cha chuma, huna weka kibakuli kidogo cha chuma ukikifudikiza, alafu bati ndo likae juu ya hicho. Bati lisiguse chumvi wala lisiguse ukuta wa sufuria, acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka ili hewa ya moto ipite.

Washa moto wa kati dakika 10 sufuria likiwa na chumvi na kistendi tu, limefunikwa. HAPO NDO unakoroga vitu vya mwisho, maana beking pauda ikishalowa inaanza kufanya kazi papo hapo, ukiuacha unga umekaa nusu saa unasubiri sufuria lipate moto ule upepo wote unakua umeshaondoka. Ukishaingiza bati punguza moto mpaka mdogo kabisa, ule wa mwisho, miali isivuke kitako cha sufuria. Na ukae mbali na mfuniko kwa nusu saa ya kwanza. Najua unatamani kuchungulia. Usichungulie. Keki haijajishika bado, ukiingiza ubaridi inanywea katikati na hainyanyuki tena.

Bati la sentimita 18 lililojazwa nusu, kwangu ni dakika 45 mpaka 55. Kuanzia dakika ya 40 choma kijiti katikati, kikitoka na unga mbichi rudisha, kikitoka kikavu zima. Angalia na pembeni, keki iliyoiva inajiachia yenyewe kwenye ukuta wa bati.

Mzee wa Sufuria

Naunga mkono hapo juu ila naongeza la usalama, maana nimetengeneza sana haya masufuria na naletewa yaliyokufa kwa keki.

Mfuniko wa presha kuka nyingi una valvu ya usalama, kile kitufe kidogo pembeni. Nyingi ya hizo valvu zina kipande cha madini laini ndani ambacho kimewekwa makusudi kiyeyuke sufuria likikaukiwa maji, ili presha itoke kabla haijaleta maafa. Sasa we unaoka kavu kwa saa nzima na mfuniko wake uko juu, kile kipande hakijui kwamba unaoka keki, kinajua tu maji yameisha. Siku nyingine kinayeyuka, na hapo mfuniko haushiki presha tena mpaka ununue valvu nyingine. Kwa hiyo ushauri wangu mfuniko wa presha uache kabatini, chukua mfuniko bapa wa sufuria nyingine unaokaa vizuri juu, funika. Keki haitajua tofauti.

Pili, angalia sufuria lako ni la aina gani. La aluminiamu nene linavumilia. La chuma cha pua lenye kitako cha matabaka likichomwa kavu muda mrefu kwa moto mkali kitako kinaweza kuachana au kupinda, hilo mi nisingeliokea. Lenye mpako wa kutonata usithubutu kabisa. Na zile za umeme ndo usijaribu njia ya chumvi, zina sensa chini, zikiona joto kavu zinajizima zenyewe au zinaharibika, zile zinataka maji ndani muda wote.

Kuhusu kulipua nyumba: bila maji mvuke unaotoka kwenye keki ni kidogo, si rahisi ulipue. Ila sufuria limefungwa na raba, filimbi iko juu, halina maji, na mwenyewe uko bafuni? Dada yangu, usirudie.

tamu_tamu

Samahani mi napingana kidogo. Mi natumia maji siku zote na keki zangu watu wanaziombea, kwa hiyo msimwambie maji hayaruhusiwi. Naweka maji vikombe viwili, kistendi, bati nimelifunika foili na kulikaza, raba iko mahali pake, filimbi iko mahali pake. Keki inatoka laini inashika unyevu siku tatu.

mama_wa_mapishi

@tamu_tamu hiyo nayo ni keki na ni tamu, ila imechemshwa kwa mvuke, haijaokwa. Ndo maana nikasema njia ni mbili. Ya kwako ndani kuna mvuke wa digrii 120 hivi presha ikijaa, na kwenye unyevu ule keki haiwezi kupata rangi ya kahawia hata ukiiacha mpaka kesho, inatoka nyeupe na nzito kidogo kama pudini. Anayetaka ganda la kahawia na ile harufu ya kuokwa lazima aende kavu. We mwenyewe si huwa inatoka imepauka?

tamu_tamu

Hahaha inapauka ndio, huwa naifunika krimu juu hakuna anayeona 😂 Ila basi nimpe siri moja mwenye uzi kama ataenda njia yangu: dakika 15 za mwanzo usiweke filimbi, acha mvuke utoke tu keki inyanyuke kwanza, ndo uweke filimbi dakika nyingine 30. Ukiibana na presha tangu mwanzo inakua kama tofali. Na ukizima iache presha ishuke yenyewe.

KijikoKimoja

Wadau nimerudi, nimejaribu jana njia ya chumvi. Unga gramu 200, sukari 150, siagi 150, mayai 3, beking pauda vijiko vidogo viwili, maziwa robo kikombe. Mfuniko nimetumia wa sufuria nyingine kama alivyosema Mzee. Ile tik tik ya chumvi ilinitoa roho japo nilikua nimeshaonywa.

Dakika 40 kijiti kilitoka na ute, 50 kikatoka kikavu. Chini kahawia ya kupendeza, imepanda, ukiibonyeza inarudi. Tatizo ni juu, imebaki nyeupe inang'aa na ina vidoa kama imenyeshewa. Hivyo vidoa ni nini?

mama_wa_mapishi

Hongera sana! Vidoa ni matone ya jasho la mfuniko yanadondokea keki. Mfuniko bapa unayakusanya. Nusu saa ikishapita fungua mara moja haraka, futa mfuniko kwa kitambaa kikavu, rudisha. Wengine wanauvisha kitambaa ila kwenye gesi mi siwezi kukushauri, ncha ikining'inia imeshika moto.

Weupe wa juu ni kawaida, moto wote uko chini. Iache ipoe kabisa, alafu pasha kikaango kikavu moto mdogo, igeuze kifudifudi humo dakika mbili tatu. Ikiwa ya moto usiigeuze, itakatika mikononi.

Mzee wa Sufuria

Na hilo sufuria lioshe ulikaushe leo leo, chumvi ikikutana na unyevu kwenye aluminiamu inaitoboa vitundu vidogo vidogo. Chumvi yenyewe usiitupe, weka kwenye kopo lake uandike KEKI, utaokea tena mara nyingi tu. Ila ya kula si hiyo tena, inakua na harufu ya kuungua.

KijikoKimoja

Mzee kopo lake tena? Mi niliirudisha kwenye kopo la chumvi la jikoni. Ngoja. Ndo maana mchuzi wa leo mchana mume wangu anauliza nimepikia kuni.