Tupeane uzoefu: kilibadilika nini kichwani mwako ndipo kampuni yako ikaanza kusimama?

Mleta mada, Dar

Wakuu, salaam. Habari za mtaji, kusajili kampuni BRELA na namba ya mlipakodi (TIN) tumeshazijadili sana. Leo naomba tuongelee kichwa. Wewe uliyewahi kuanzisha kampuni changa, iwe imesimama au imekufa, ni fikra gani ulilazimika kuiacha? Naanza mimi.

2019 nilipata wazo la programu ya simu ya kuwaunganisha wenye maduka ya mtaani na wauza jumla wa Kariakoo. Mangi anabonyeza, mzigo unamfuata, hafungi duka. Nilijifungia chumbani Tabata miezi 14 naijenga, kwa akiba yangu yote na milioni 3 za mama mkubwa. Miezi yote hiyo sikukaa dukani kwa mangi hata asubuhi moja. Watu nilikuwa nawaambia naogopa wazo litaibiwa. Nilichokuwa naogopa hasa ni kuambiwa halifai.

Maduka 40 yaliipakua kwa sababu niliwabembeleza. Wiki ya pili yalikuwa yanaitumia 3. Iliniuma kama vile wamenikataa mimi mwenyewe, mpaka simu za marafiki nikawa sipokei.

Mwishowe nikamfuata mzee mmoja wa Segerea aliyeacha kuitumia, nikamwomba niwe nashinda naye. Siku ya nne ndiyo nikaelewa. Mzigo wake anauchukua kwa mali kauli, kwa mtu waliyezoeana miaka 9, analipa akishauza. Programu yangu ilimtaka alipe kwanza. Nilikuwa namwondolea safari ambayo wala haimsumbui, huku namnyang'anya mkopo unaoliendesha duka lake.

Mwenye maumivu alikuwa muuza jumla, anayedai watu 60 kwa daftari lililochanika. Leo hiyo ndiyo kazi yetu: tunawatunzia wauza jumla hesabu za mali kauli, na wadaiwa wanakumbushwa kwa meseji. Wanaolipa kila mwezi ni 11. Ni wachache, lakini hakuna niliyembembeleza.

Fikra niliyoiacha: kwamba wazo langu ndiyo mimi. Karibuni.

Mwaloni, Mwanza

Asante kaka kwa kufungua. Yangu ni ya dagaa.

Nilikuwa nanunua soko la samaki la Mwaloni Kirumba, nachambua, nafungasha vizuri, natuma Dar. Wateja wakapenda. Nikaona niwe mkubwa: nikaingia mkataba na maduka 6 kuwapelekea mzigo kila Jumatatu, na malipo ya mwezi wa kwanza nikapokea. Mimi ni mtoto wa mjini, ziwa nalijua kwa kulitazama tu. Wiki ya tatu nafika Mwaloni, mzigo hakuna, kidogo kilichopo bei imepanda. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hukuangalia mwezi?"

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwepo wanaufuata mwanga wa mvuvi. Mbalamwezi ikitoka wanatawanyika, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Kila mtu pale anajua, watoto wadogo wanajua. Mimi niliyeandika mpango wa biashara kurasa 22 sikujua.

Nilirudisha pesa za maduka 4. Nilikuwa naona aibu kuuliza, maana nilijitambulisha kama mkurugenzi, na mkurugenzi anaulizaje mambo ya watoto? Sasa nimeweka ratiba inayofuata mwezi, nina stoo ya akiba, na kila msimu nakaa na wale wazee niulize nisichokijua.

Mtu wa Ngaramtoni

Dada Mwaloni umenigusa. Mimi nitapingana kidogo na wanaosema "acha kazi ujitose". Nilijitosa, najua.

Natengeneza mashine za kutotoleshea vifaranga. Niliacha kazi nikiwa na akiba ya miezi miwili. Mwezi wa tatu kodi ya fremu imefika, mama mmoja anataka mashine ya mayai 300. Sikuwa nimeijaribu umeme ukikatika kwa muda mrefu, nami nilijua. Nikamuuzia. Vifaranga hutoka siku ya 21. Siku ya 18 umeme ukakatika usiku kucha, mashine ikapoa, mayai karibu yote yakafia humo.

Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi 7. Yule mama hakunitukana, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilirudi kwenye ajira miaka miwili, mashine naitengeneza jioni na Jumapili. Hapo ndipo nilipoweza kumwambia mteja "bado haijawa tayari, nisubiri". Ukiwa na njaa huwezi kulisema neno hilo. Kwa hiyo mimi nasema utulivu wa tumbo nao ni sehemu ya kichwa, na asiye nao asidharauliwe kwa kubaki kazini.

Mleta mada, Dar

Mkuu, hapo nimekuelewa. Zile milioni 3 za mama mkubwa zilinifanya niharakishe kuzindua kabla ya kuuliza.

Wa Githurai

Hamjambo ndugu zangu. Huku Nairobi ugonjwa wetu wengine ulikuwa makofi. Nilishinda mashindano mawili ya kuwasilisha mawazo, nikapigwa picha, mamangu akaziweka sebuleni. Mwaka mzima sikuwa nimeuza chochote, na sikuona tatizo kwa sababu kila mwezi kuna jukwaa la kupanda.

Kilichonizindua ni kusoma M-Pesa ilivyoanza. Majaribio ya 2005 yalilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wakiisimamia wangeweza kukasirika kwamba inatumiwa vibaya. Badala yake wakafuata mteja alikoelekea, na ilipozinduliwa rasmi 2007 ikawa ni huduma ya kutuma pesa nyumbani. Nikajiuliza: mimi nimemfuata mteja gani, wapi? Sikuwa na jibu. Niliacha mashindano. Mama alisikitika, na nilichukua muda kumweleza.

Mwanachuo, Dodoma

Shikamooni wakubwa. Nina wazo la programu ya bodaboda kuweka akiba kila siku. Nianze na nini, mwekezaji au kujifunza kuunda programu?

Mleta mada, Dar

Marahaba mdogo wangu. Vyote viwili weka pembeni kwanza. Nenda kijiweni ukae siku 5 bila kutaja programu. Waulize jana pesa yao ilikwendaje, siyo wangependa nini. Ukiuliza wangependa nini watakujibu vizuri kukufurahisha. Kisha urudi hapa.

Mwanachuo, Dodoma

Nimerudi wakubwa. Nimekaa vijiwe viwili. Akiba wanayo tayari, wanacheza upatu, na wanaaminiana. Nilichosikia karibu kwa kila mmoja ni mkataba wa pikipiki. Wanapeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki kila siku ili mwisho wa mkataba pikipiki iwe yao, kisha wanabishana ni siku ngapi zimelipwa. Mmoja alinionyesha daftari lake. Lina sahihi mpaka Machi, kuanzia hapo tajiri amekataa kusaini. Sikumwambia chochote kuhusu wazo langu. Kesho narudi, amesema atanipeleka kwa wenzake wawili wenye kesi kama yake.