Gari linanihesabia kilomita, zimebaki 640, na AdBlue nimejaza mpaka juu. Msaada wakuu

Mwalimu wa Isyesye

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba yangu, injini inaunguruma, na naogopa hata kuzima.

Gari ni SUV ya dizeli ya mwaka 2016, imetoka Uingereza, injini ya cc 2,000 na ushee, imetembea kilomita 118,000. Aina sitaji. Nawajua humu, uzi utageuka wa kubishana Wajerumani na Wajapani mpaka asubuhi. Nililinunua yadi Dar mwezi wa tatu, nikalipandisha Kitonga bila kukohoa, miezi minne raha mustarehe.

Wiki mbili zilizopita natoka Tukuyu, nimepita Kiwira kidogo, taa ya injini ikawaka. Chini yake maandishi: hitilafu ya mfumo wa AdBlue (ile dawa ya majimaji ya kusafisha moshi wa dizeli, ina tangi lake), gari halitawaka baada ya kilomita 1,000. Nikajua imeisha tu. Nikanunua dumu la lita 10 kwenye duka la spea za malori, nikamimina mpaka ikakaribia kumwagika. Maandishi yakabaki palepale, namba inashuka kila nikitembea.

Fundi wa kwanza alifuta kwa mashine, nikaenda Mbalizi na kurudi, ikarudi. Fundi wa pili kaniambia ninunue sensa mbili za NOx (zinapima gesi chafu za moshi) na katalisti, kile kifaa cha kwenye ekzosti kinachosafisha moshi. Bei aliyonitajia nikiuza ng'ombe wa mkwe wote haifiki.

Kodi za hitilafu (si zile za mapato) ni hizi: P20E8, P207F, P20EE.

Mwisho wa mwezi nampeleka mama kliniki Iringa. Kwa kilomita 640 kwenda nafika, kurudi ndiyo sifiki. Nianzie wapi?

Kijana wa Kabwe

Mkuu hiyo kitu futa kabisa. Kuna jamaa wanakuja na laptop, nusu saa wameizima kwenye kompyuta ya gari, hutanunua AdBlue tena maisha yako yote. Malori mengi ya barabara hii yamefanyiwa hivyo.

Mkulima wa Vwawa

Samahani mimi si mtu wa magari. Nimesoma kwenye dumu wameandika urea 32.5%, iliyobaki maji. Sasa mimi hapa nina nusu mfuko wa urea uliobaki wa kukuzia mahindi. Tofauti iko wapi? Au tunauziwa mbolea kwa lita?

Mzee wa Ipogolo

Mkulima, swali lako si la kijinga, kwa sababu nililijibu kwa mfuko wangu mwenyewe. Nilikuwa na lori la Euro 5 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi), nalo linatumia AdBlue. Nikapima urea ya dukani kwa mzani wa jikoni, maji ya bomba, ndoo ya lita 20. Ukikoroga urea ndoo inapoa, kwa nje ikatoka jasho kama imetoka kwenye friji. Nikajiona mkemia.

Lori lilitembea vizuri kama mwezi hivi. Halafu likaanza kukosa nguvu kupanda Kitonga, nikafungua ekzosti nikakuta katalisti imepigwa lipu jeupe. Urea ya shambani ina biureti (uchafu wa urea) nyingi kuliko inayotakiwa, punje zake zimepakwa dawa zisigandane, na maji yetu ya bomba yana chokaa. Mahindi hayajali. Katalisti inajali. Nilinunua nyingine, na mke wangu mpaka leo nikishika ndoo ananiuliza napika nini.

Fundi Nozeli, Makambako

Mwalimu, kwanza zima gari uende ukalale. Hiyo namba haizimi gari barabarani. Inachofanya ikifika sifuri ni kukataa kuwasha tena ukishazima. Sheria za Ulaya za Euro 6 ndizo zinazomlazimisha mtengenezaji aweke hilo, ili mtu asitembee na mfumo mbovu. Kwa hiyo una muda, usifanye mambo kwa hofu.

Sasa kodi zako. Watu wengi wanasoma ya mwisho kwanza kwa sababu ndiyo yenye bei. P20EE inasema katalisti haipunguzi NOx inavyotakiwa. Lakini katalisti itapunguzaje kama haipewi kitu? Kazi ni hivi: AdBlue inapulizwa kwenye moshi wa moto, joto linaigeuza kuwa amonia, amonia inakutana na NOx ndani ya katalisti, inatoka naitrojeni na mvuke wa maji. Kama dawa haifiki, au inafika ikiwa mbovu, sensa ya nyuma inaona NOx ile ile imepita, inapiga kelele. Sensa inasema kweli, halafu wewe unaambiwa uitupe!

P20E8 ni presha ya AdBlue iko chini. P207F ni ubora wa AdBlue haufai. Hizo mbili ndizo za kufukuza. P20EE ni mtoto wao.

Nijibu haya: ulipofungua kifuniko cha AdBlue ulikuta unga mweupe? Ulimimina kwa faneli gani? Na kabla ya kujaza ulimwaga ya zamani au uliongezea juu yake?

Mwalimu wa Isyesye

Fundi, nimezima. Asante, nilikuwa nachoma dizeli bure.

Unga mweupe upo, tena si unga, ni magamba kama chumvi iliyokauka kwenye sufuria, yamezunguka mdomo wa tangi. Nikadhani ni vumbi la barabara. Faneli ilikuwa ya dukani kwao, mpya, ya plastiki. Ya zamani sikumwaga, niliongezea juu. Lita kama 7 ziliingia.

Mama Parachichi, Njombe

Je, si baridi hii? Huku kwetu mwezi wa saba majani yanaamka meupe, na Makete ndiyo usiseme. Hiyo AdBlue haikuganda?

Fundi Nozeli, Makambako

Mama, inaganda ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri. Hata Kitulo hatujafika huko. Adui wa AdBlue huku kwetu ni joto la safari na jua la yadi. Ikikaa kwenye joto la juu ya nyuzi 30 inaharibika ndani ya mwaka hivi. Gari la Mwalimu limepanda meli, limekaa bandarini, limekaa yadi Dar kwenye jua. Hatujui iliyokuwemo ilitiwa lini. Kuongezea mpya juu ya mbovu ni kama kuchanganya maziwa ya leo na yaliyolala.

Dereva wa Tunduma

Nimesoma kimya ila kuna kitu hakijaulizwa. Mwalimu, ukizima gari ukakaa kimya, unasikia mngurumo mdogo kwa nyuma? Kama mtu anakoroma chumba cha pili, dakika moja au mbili, halafu unakata?

Mwalimu wa Isyesye

Zamani nilikuwa nausikia, nikadhani ni feni. Siku hizi kimya kabisa. Ila siku hizi nimefunga swichi ya kukata betri, maana mtaani kwetu waliiba magari mawili mwezi wa sita. Nikizima tu naikata palepale kabla sijashuka.

Dereva wa Tunduma

Ndiyo hiyo hapo.

Fundi Nozeli, Makambako

Dereva umenizidi leo, nakubali.

Mwalimu, huo mngurumo ni pampu ya AdBlue inageuka kinyume. Mifumo mingi ikizimwa inanyonya dawa yote iliyobaki kwenye mpira na kwenye nozeli (kile kifaa cha kupulizia) inairudisha tangini, ili isikaukie njiani. Nozeli imefungwa kwenye ekzosti, pale ni moto. Ukikata betri sekunde ileile, dawa inabaki mdomoni mwa nozeli, maji yanaondoka na mvuke, urea inabaki jiwe. Kesho unawasha, inapuliza kidogo, unakata, jiwe linaongezeka. Umefanya hivyo mara ngapi tangu mwezi wa sita?

Na hata yadi nao huchomoa betri mara tu wakipaki gari. Kwa hiyo ulianza na mfumo ambao tayari una kamasi.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Namwaga tangi lote. Nasuuza kwa maji ya moto, lakini si ya bomba, ni maji ya betri yale yasiyo na asidi. Natoa chujio la pampu naliangalia. Natoa nozeli, naitia kwenye bakuli la maji ya moto hayo hayo, inakaa, naibadilishia maji. Usimruhusu mtu aichokonoe kwa sindano, tundu likipanuka umenunua nyingine. Najaza AdBlue mpya iliyofungwa, yenye namba ISO 22241 kwenye dumu. Halafu kwa mashine naiamuru ipulize kwenye kikombe cha kupimia, kabla sijairudisha kwenye ekzosti. Ikipita hapo ndipo nafuta kodi. Sensa ya NOx tutaizungumza kama baada ya hayo yote bado inalia.

Hiyo ya kufuta mfumo kwa laptop kila mtu na gari lake. Mimi nimeletewa magari matatu ambayo aliyefuta aliandika faili la gari jingine, na hakutunza la mwanzo. Hapo hata ukitaka kurudi hakuna pa kurudi. Na moshi unaoutoa anauvuta mwanao getini.

Kijana wa Kabwe

Sawa wazee, nimenyamaza.

Mwalimu wa Isyesye (mrejesho, siku sita baadaye)

Wakuu, ahadi ni deni. Jumamosi alfajiri nilitoka Uyole, nikafika kwa Fundi Makambako namba ikisoma 455. Nilikaa pembeni ya gari siku nzima kama mgonjwa ni ndugu yangu.

Kwanza alichukua tone moja kutoka tangini akaliweka kwenye kioo cha kifaa kimoja kidogo kama darubini ya mtoto, akanipa niangalie juani. Ndani kuna mistari ya namba mwisho wake 35, juu bluu, chini nyeupe. Mpaka wa bluu na nyeupe unatakiwa ukae 32.5. Wa kwangu haukuonekana, ulishavuka 35 ukatoka nje ya kipimo. Maji yamekauka, urea imebaki. Na hapo nilishaongezea lita 7 mpya! Harufu yake sasa, ukiinusa karibu, ni choo cha stendi.

Chujio la pampu lilitoka na tope jeupe. Lakini nozeli ndiyo sitaisahau. Fundi aliichomoa kwenye ekzosti na mdomoni ina kitu kama jino la mbwa, gumu, jeupe, limeota kuelekea ndani ya bomba. Akaitia kwenye bakuli. Tukala ugali na maharage. Tuliporudi jino limeyeyuka lote, hajaligusa.

Jaribio la kikombe alilifanya mara mbili. Kabla ya kusafisha aliiamuru ipulize, ikatoa matone kama bomba la mtaani kwetu siku ya mgao, hata chini ya kikombe hayakufunika. Baada ya kusafisha ikatoa ukungu mwembamba, kikombe kikapanda mpaka kiasi ambacho mashine yenyewe ilikuwa imeandika. Wateja wengine walikuja kuangalia.

Akafuta kodi. P20E8 na P207F zikaondoka. P20EE ikabaki imekaa kwenye kumbukumbu na maandishi ya kilomita hayakutoka, nikaanza kunung'unika. Akaniambia niende zangu nyumbani, nisikimbize wala nisiburute, ekzosti ipate moto, gari litajipima lenyewe. Nimepita Igawa bado. Nakaribia Chimala, nyuma ya lori la mbao, nikatupa jicho kwenye dashi, maandishi hayapo. Sikuona hata yalipoondoka.

Hakuna sensa wala katalisti niliyonunua. Nimelipa ufundi, chujio, madumu mawili ya AdBlue na maji ya betri. Sensa mbili zile za fundi wa mjini zingekuwa zimefungwa sasa hivi, na jino lingekuwa palepale.

Dereva wa Tunduma, ndaga fijo. Hujanidai hata soda.

Dereva wa Tunduma

Soda nitakuja kuidai Uyole. Hiyo swichi je?

Mwalimu wa Isyesye

Imehamishwa. Sasa inakata waya wa starta tu, betri haiguswi. Nikizima nasimama mlangoni nasikiliza koroma mpaka iishe. Watoto wanafikiri nimechanganyikiwa.

Fundi Nozeli, Makambako

Nyongeza moja. Safari zako nyingi ni Isyesye hadi shule, kilomita nne tano. Ekzosti haipati moto, na bila moto mfumo haupulizi vizuri, unaacha chumvi. Mara moja kwa wiki lipeleke mpaka Igurusi urudi. Na yale uliyomwagikia kwenye rangi ulipojaza, yaoshe kwa maji leo, AdBlue inakula rangi na nyaya za shaba.

Mkulima wa Vwawa

Kwa hiyo nusu mfuko wangu nisubirie msimu.

Mzee wa Ipogolo

Subiria, baba. Na ndoo ifiche.

Binti wa Mafinga

Jamani na mimi langu limeanza kuhesabu leo asubuhi, 800. Kodi ni P203F tu. Swichi sina. Nimwage tangi?

Fundi Nozeli, Makambako

Hapana dada, hiyo inasema kiwango kiko chini. Jaza kwanza, si lita mbili, jaza nyingi, maana magari mengi hayahesabu kitu kidogo. Kisha fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, subiri dakika moja mbili lisome. Ikibaki, anzisha uzi wako, weka kodi zote na picha ya kifuniko.