Tupeane uzoefu: umewahi kumwambia rafiki yako jinsi unavyomthamini angali hai?

Mwanzisha mada, Sinza

Ndugu zangu, nawasalimu. Jijini kwetu Dar es Salaam maneno mazuri kuhusu rafiki hayakosekani, ila yamewekewa mahali pake, napo ni msibani. Turubai likishafungwa, kamati ikakusanya michango na basi la kwenda mkoani likapatikana, ndipo wasifu wa marehemu husomwa na marafiki wakapewa nafasi, na hapo utasikia habari za ukarimu, uaminifu na subira ambazo mhusika mwenyewe, kwa miaka yote aliyoishi nasi, hakuwahi kuzisikia zikitajwa mbele yake. Mwezi Aprili 2012, mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipoagwa katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, watu walifurika kwa namna ambayo wengi wetu tunaikumbuka hadi leo. Siulaumu msiba, kwa kuwa maneno yale huwafariji wafiwa na ni haki yao. Ninachouliza ni hiki: ni nani kati yetu aliyemwambia rafiki wa karibu kwamba anamthamini, alimwambiaje, na alipokelewaje? Naomba tueleze yaliyotupata wenyewe. Mawaidha tuyaweke kando kwanza.

Mfanyabiashara, Kariakoo

Mume wangu alipolazwa Muhimbili, jirani yangu wa kibanda alikuwa akifungua biashara yangu pamoja na yake kila asubuhi, na jioni akiniletea fedha pamoja na daftari la mauzo, bila kukata hata nauli yake. Mume alipopona nilikwenda Mtaa wa Uhuru kutafuta kanga, nikachagua yenye jina lisemalo “Wema hauozi”. Sikumpa doti nzima. Niliikata, upande mmoja nikampa yeye na mwingine nikabaki nao, ili kila akiuvaa ajue mwenzake uko kwangu.

Hata hivyo niliona kanga peke yake haitoshi, kwani sisi wanawake wa Pwani tumezoea kuiachia kanga iseme, kisha mpokeaji anabaki akijiuliza kama ni shukrani au ni kijembe. Kwa hiyo nilimtajia matendo yenyewe moja baada ya jingine, hadi ile siku ya mvua aliyoingia wodini akiwa amelowa chapachapa huku daftari likiwa kavu ndani ya mfuko. Alinijibu, “Haya basi, wateja wanasubiri,” akageukia mizigo yake. Baadaye kabisa, tukiwa tunafunga vibanda, ndipo aliponiambia kwamba hakuna aliyewahi kumhesabia wema wake namna ile, maana nyumbani kwake huhesabiwa makosa tu.

Mstaafu, Ilala

Nilifanya kazi bandarini na rafiki yangu hadi sote tukastaafu, na sasa hukutana barazani baada ya swala ya alasiri kwa kahawa na kashata. Katika darsa moja sheikh alitukumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Daud. Mtu mmoja alikuwa mbele ya Mtume (S.A.W.), akapita mwingine, naye akasema kwamba anampenda yule aliyepita. Mtume akamuuliza kama amemjulisha, na aliposema hapana, akamwamuru amjulishe. Basi akamfuata, akamwambia kwamba anampenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, naye akaombewa apendwe na Yule ambaye kwa ajili Yake amependa.

Tulipotoka nje nilimshika rafiki yangu mkono nikamwambia vivyo hivyo. Wanaume wa rika letu hawana mazoea hayo, lakini kwa kuwa jibu limekwisha kufundishwa, hakuhangaika kutafuta la kusema. Aliitikia kwa dua ileile, tukaendelea kuelekea barazani. Nadhani wengi wetu hunyamaza si kwa ukavu wa moyo, bali kwa kuchelea kumtahayarisha mwenzetu akose jibu.

Mkazi wa Mbezi

Mimi napinga kidogo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa mjini ukimsifu mtu ghafla atadhani unataka kumkopa. Nilimwandikia rafiki yangu ujumbe mrefu usiku wa manane, nikimshukuru kwa kunitafutia kazi ya kwanza. Kabla usingizi haujanichukua alikuwa getini kwangu, ameshuka kwenye bodaboda huku akihema, akihofia kwamba nimekata tamaa ya maisha. Tulizungumza hadi adhana ya alfajiri. Mambo haya yasemwe mchana.

Mwanzisha mada, Sinza

Mgema wa methali anasifiwa tembo ambalo kesho atalileta tena kuliuza, ndiyo maana anapata nafasi ya kulitia maji. Anayeshukuriwa kwa jambo alilokwisha kulitenda hana cha kuchakachua. Nimeona pia kwamba dada yetu wa Kariakoo alitaja matendo, wala hakusema tu “wewe ni mtu muhimu sana kwangu”, sentensi ambayo unaweza kumtumia yeyote aliyemo katika simu yako.

Mwalimu, Kigamboni

Mwenzetu alipohamishiwa Mwanza tulipanga kumsomea wasifu, kila rafiki aya yake. Mama yake mzazi alitukataza kabisa, akasema tunamchuria mwanawe, kwani mtu hasomewi wasifu angali anapumua. Hatukubishana na mkubwa. Tuliondoa tarehe ya kuzaliwa, shule alizosoma na kila kilichofanana na karatasi ya msibani, tukabakiza yale aliyotutendea na kuyaita shukrani. Mama yuleyule ndiye aliyeshika kipaza sauti kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

Mchangiaji, Tandika

Rafiki yangu alipokuwa akitibiwa saratani katika Taasisi ya Ocean Road, ugumu ulikuwa wa aina nyingine, kwa sababu neno lolote jema lilielekea kuwa la kuagana, na mgonjwa husoma nyuso za wanaomtazama kuliko tunavyodhani. Niliamua kuyachanganya na kazi. Nilimpelekea hesabu za ujenzi wangu wa Chanika azikague, kwa kuwa yeye ni fundi na ndiye aliyenifundisha kutopunjwa nondo na saruji. Akiwa anapitia karatasi nilimweleza kwamba sijawahi kuamua jambo kubwa bila kujiuliza kwanza yeye angesemaje. Aliweka kalamu chini, akaniuliza, “Hata ulipooa?” Nikamwambia hata nilipooa. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akarudi kwenye hesabu na kunionyesha mahali nilipozidishiwa mifuko ya saruji. Alimaliza matibabu, anaendelea vizuri, na sasa ananidai ada ya ukaguzi.

Mwanzisha mada, Sinza

Hadi hapa wamesema waliotamka. Je, yuko aliyetamkiwa?

Mkazi wa Magomeni

Nipo. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi aliniambia, tukiwa tumesimama kituoni tukisubiri basi la mwendokasi, kwamba kama nisingemlipia ada ya kidato cha tatu leo asingekuwa na cheti wala kazi. Nilishindwa kumtazama, nikamuuliza kama Yanga wanacheza Jumamosi au Jumapili. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu maneno yale yote, neno kwa neno, na kesho yake nikamsimulia tena. Rafiki huyo nadhani anaamini kwamba kelele za barabarani zilinizuia kusikia. Akipita hapa akasoma, ajue kwamba nilimsikia.